Bogonvilia inalegea usiku mmoja tu kwenye chombo, kasoro iko wapi?

Kibaraza
Wakuu, salaam. Matawi ya bogonvilia, sm 80 kila moja, yamekatwa saa 10 jioni na kutiwa kwenye chombo cha kioo cha sm 25, maji ya bomba nusu. Ncha zimegongwa nyundo kama wanavyoshauri. Asubuhi vichwa chini. Na kama bogonvilia haifai, tawi gani linavumilia sebuleni?

MkasiMkali
Saa 10 mti umeshapigwa jua kutwa, hauna maji ya akiba. Kata saa 12 asubuhi, na ndoo ya maji iwe pembeni yako, maana tawi likikaa nje ya maji linavuta hewa na njia ya maji inaziba. Chagua lenye gome la kahawia. Chipukizi za kijani ndizo hulala kwanza.

Kisha pukutisha majani ya kijani karibu yote. Ile rangi nayo ni majani (ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati), kwa hiyo ukiacha yote yananyang'anyana maji. Zamisha tawi zima kwenye beseni la maji kwa muda wa saa mbili, halafu kata ncha tena sm 3 kwa mshazari, ikiwa ndani ya maji. Hata hapo ni siku chache tu.

Nyundo achana nayo. Inaponda nyuzi, zinaoza, maji yananuka. Tawi gumu lipasue ncha kwa kisu, msalaba, sm 3 hadi 5, basi.

Bi Asumini
Upande wa maji: lita 1, sukari kijiko 1 cha chai, jiki robo kijiko. Sukari bila jiki ni kuwalisha bakteria. Chombo cha bati usitie jiki, kitaliwa. Tawi la utomvu mweupe, chovya ncha kwenye maji ya moto sekunde 20 hadi 30 utomvu ukatike. Ila mnyaa usiuingize ndani kabisa. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali.

Kokoto
Chukua masale, yale yale Wachaga wanayoombea msamaha. Shina la sm 50 linakaa majini wiki kadhaa likiwa kijani, mara nyingi linaota mizizi. Shida ni kwamba kwa kuwa halinyauki, watu wanasahau maji. Mbu wa dengue hubandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yakikauka bado yako hai miezi. Kumwaga hakutoshi: sugua ndani kwa brashi kila wiki.

Halafu sm 80 kwenye chombo cha sm 25 lazima kipinduke. Tawi lisizidi mara mbili ya chombo, kokoto chini, mbali na feni.

Kibaraza
Masale nayo yanatiwa jiki na sukari?

Kokoto
Hapana. Maji matupu, badilisha kila siku 3.