Baiolojia ya DAT inamtoa jasho mdogo wangu, mliopita huko naombeni msaada

Wanajamii, shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Mdogo wangu yupo hapa Marekani anamalizia koleji, anataka kwenda udaktari wa meno na mtihani wa DAT ndo huo unabisha hodi. Kemia yupo vizuri, hesabu yupo vizuri, sasa hiyo baiolojia ndo balaa. Si mvivu jamani, anapiga msuli mpaka usiku wa manane, kitabu kizima kimepakwa rangi ya njano, ukimuuliza anakwambia dada hii sura nimeirudia naielewa, halafu akifungua maswali ya majaribio anapotea kabisa kama hajawahi kuiona. Na wikiendi yuko kazini kwa hiyo muda wenyewe wa kuokoteza. Mtu anaisomaje hii kitu? Nimlipie kozi nyingine au?

Dada Mkubwa

----

Dada shikamoo. Mi nipo mwaka wa tatu udaktari wa meno, DAT nimeshaivuka, kwa hiyo nijibu kidogo.

Hela ya kozi kaa nayo kwanza. Hiyo rangi ya njano ndo ugonjwa wenyewe. Ukisoma ukurasa ule ule tena na tena macho yanauzoea, unajiona umeiva, kumbe umezoea kuuona tu, kuukumbuka ukiwa haupo mbele yako ni kazi nyingine. Kuna utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma, wengine wakarudia kusoma, wengine wakafunika wakaandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndo walikuwa mbele, ila baada ya wiki moja kibao kikageuka, waliojipima wakawapita. Ndo mdogo wako huyo, usiku yuko fiti, wiki ijayo hakuna kitu, na wala si kwamba kichwa chake kibovu.

Halafu aijue pepa yenyewe. Sehemu ya sayansi ina maswali 100 kwa dakika 90, baiolojia 40, kemia ya kawaida 30, kemia ya oganiki 30, na baiolojia ndo inaanza. Maswali 40 yanatoka kila kona: seli na molekuli, makundi ya viumbe, mifumo ya mwili, jenetiki, mageuzi na ekolojia. Yaani ni pana kama bahari lakini haizami sana, mtu anayeng'ang'ania sura moja wiki mbili mpaka aijue na mizizi yake anajiumiza bure. ADA wenyewe, chama cha madaktari wa meno Marekani wanaotunga huo mtihani, wana mwongozo wa mtahiniwa, ni bure, mada zote zimeorodheshwa humo. Auprinti auweke ukutani, kila siku aguse mada mbili tatu tofauti, si seli wiki nzima halafu ekolojia wiki nzima, maana akifika ekolojia seli imeshayeyuka.

Sasa kusoma kwenyewe. Asome kipande kimoja mara moja tu, taratibu, afunge kitabu, achukue karatasi tupu. Mfano figo. Achore nefroni yote, kile kichujio kidogo ndani ya figo, kutoka kichwani, afuate tone la maji toka damu inapochujwa, aseme kila kituo kinatokea nini: bomba la kwanza linarudisha kwenye damu glukosi karibu yote na sehemu kubwa ya chumvi na maji, mkono unaoshuka wa kitanzi cha Henle unaachia maji yatoke, mkono unaopanda haupitishi maji ila unatoa chumvi, mwisho homoni ya ADH ndo inaamua mfereji wa kukusanyia urudishe maji kiasi gani. Akikwama aache pengo, amalize alichonacho, ndo afungue kitabu ajaze mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Ile rangi nyingine ndo inamwambia cha kusoma kesho, vingine aachane navyo. Halafu ajiulize mwenyewe, pombe inazuia ADH, mkojo utakuwaje? Mwingi na mwepesi, sababu maji hayarudishwi. Mtu aliyekariri orodha ya homoni hapo anakodoa macho, aliyechora anajibu bila hata kufikiria sana.

Kesho yake achore tena bila kuangalia, tena baada ya siku tatu, tena baada ya wiki. Inaboa, sidanganyi, na siku za mwanzo atajiona mjinga kuliko alivyokuwa anasoma na kalamu yake ya njano. Asirudi kwenye kalamu.

Mwanafunzi wa Meno

----

Hapo juu nakubaliana na karibu kila kitu, ila kuchora hakufai kwa kila mada. Makundi ya viumbe utachora nini? Ile ni kukariri tu, tusidanganyane. Bakteria ukuta wake peptidoglaikani, kuvu ukuta wake kitini, mimea selulosi, hivyo havina hadithi ndefu, vinataka kadi, swali mbele jibu nyuma. Anki, programu ya kadi hizo, inatosha, kwenye kompyuta ni bure. Ila kadi aandike mwenyewe, asipakue furushi la watu lenye kadi maelfu akaanza kuhangaika na kiherehere cha mtu mwingine, na kila kadi iwe na swali moja jibu moja. Watu wanaandika aya nzima nyuma ya kadi halafu wanashangaa mbona haishikiki.

Na jenetiki isisomwe, ifanywe, kwa mkono, bila kikokotoo, sababu kwenye DAT kikokotoo cha skrini kipo sehemu ya hesabu peke yake. Mfano, ugonjwa unaohitaji nakala mbili za jeni mbovu unampata mtoto 1 kati ya 10,000, wabebaji, yaani wenye nakala moja tu wasiougua, ni wangapi? Mzizi wa 1 kwa 10,000 ni 1 kwa 100, hiyo ndo q, yaani sehemu ya jeni mbovu. p, sehemu ya jeni nzima, iko karibu na 1 ichukulie 1. Wabebaji ni 2pq, yaani 2 kwa 100, mtu 1 kati ya 50. Basi, sekunde 20 kashamaliza. Anayekuja na kalamu kuanza kutafuta p kamili 0.99 anapoteza muda, majibu yenyewe ya kuchagua yameachana mbali hayahitaji ukali huo.

Muda ndo unaua wengi pale. Dakika 90 kwa maswali 100 ni sekunde 54 kila moja, lakini asigawe sawa. Baiolojia ama unajua ama hujui, sekunde 30 inatosha, zinazobaki apelekee oganiki. Asipojua abahatishe aweke alama asonge, maana jibu baya halipunguzi maksi, kuacha wazi ndo ujinga.

Baba Mapacha

----

Asanteni sana wapendwa, nimempelekea yote. Anauliza mawili. Moja, siku anayotoka shifti amechoka hoi, alale au ajilazimishe? Pili, maswali ya majaribio aanze lini, anasema anayatunza mpaka amalize silabasi yote.

Dada Mkubwa

----

Dada, alale. Usingizi ndo muda ubongo unapanga kilichoingia, akikesha anafuta alichosoma mchana. Siku ya shifti afanye kadi tu, mapumziko ya chakula au kwenye basi, robo saa hapa robo saa pale, asifungue mada mpya. Mada mpya ni asubuhi ya siku ya mapumziko kichwa kikiwa baridi.

Maswali asiyatunze hata kidogo, sijui nani aliwafundisha watu hiyo tabia. Aanze wiki hii, maswali kumi ya mada aliyosoma juzi, si ya leo, ya leo bado ya moto anapata sifa za bure. Kinachotunzwa ni mitihani mizima ya ADA ya majaribio, hiyo aibakishe kwa wiki za mwisho, akae nayo muda wote kamili wa mtihani, simu chumba kingine.

Na kila alilokosa aandike kwenye daftari KWA NINI kakosa. Hakujua kabisa? Alijua akachanganya? Au alisoma swali vibaya, ile "isipokuwa" hakuiona? Hizo ni dawa tatu tofauti. La kwanza linaenda kwenye kadi, la pili anaweka vile viwili vinavyomchanganya kwenye jedwali moja bega kwa bega (mitosisi na meiosisi, insulini na glukagoni, ateri na vena), la tatu halihitaji kusoma zaidi, linahitaji apunguze pupa. Wengi wanalitibu la tatu kwa kusoma kitabu upya, ndo pale mtu anasoma miezi maksi hazisogei.

Mwanafunzi wa Meno

----

Naongezea kwa Dada Mkubwa mwenyewe, maana na wewe una kazi. Usimuulize "umesoma?" atakwambia ndiyo kila siku. Jioni mpigie simu mwambie nieleze moyo unavyopeleka damu mapafuni na kurudi, kwa Kiswahili, kana kwamba wewe hujui kitu. Akianza "inaingia hapa, inaenda kule" mkatishe, hapa wapi? Atriamu ya kulia au ventrikali? Damu ina oksijeni au haina? Huna haja ya kujua majibu, we sikiliza tu anapoanza kumung'unya, mwambie hapo ndo ukasome.

Na matokeo yakitoka msishtuke, toka Machi 2025 maksi za DAT zinatolewa kwa skeli ya 200 mpaka 600, ile ya zamani ya 1 mpaka 30 imeachwa. Kwa hiyo jirani akiwaambia yeye alipata 21 msianze kulinganisha.

Baba Mapacha

----

Hiyo ya simu nimeianza leo leo. Tumefika kwenye vali tu, kanyamaza, kasema "dada ngoja nikupigie."

Dada Mkubwa