Kuomba uraia wa Thailand: ni lazima kwanza aukane Ukenya?

Binti Langoni, Lamu

Assalamu alaykum jamaa. Nauliza kwa niaba ya kakangu mkubwa. Yuko Bangkok mwaka wa saba huu, anasomesha skuli, kibali cha kazi anacho na kodi analipa. Mkewe ni Mthailand na wana mtoto mmoja wa miaka mitatu. Mshahara wake ni baht 46,000 kwa mwezi. Sasa anataka kuomba uraia, na katika makaratasi aliyopewa mna barua ya kutamka kwamba ana nia ya kuuacha uraia wake wa zamani. Hapo ndipo kalamu ilipomsimama.

Je, Kenya itamfuta akishapata uraia wa huko? Na akikana kwelikweli, itakuwaje nyumba ya marehemu baba hapa Langoni na shamba letu lililoko Hindi, huku Lamu bara, upande wa Mokowe? Mirathi hatujagawa, hati ya shamba ingali na jina la baba. Mtoto naye je? Naomba anayejua anijibu kwa vifungu vya sheria, maana ya barazani tumeyasikia yote na kila mtu ana lake.

Mkomani Juu

Wa alaykum salaam dada. Tuanze na nyumbani.

Kenya haimfuti. Kifungu cha 16 cha Katiba ya 2010 kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Kabla ya tarehe 27 Agosti 2010 mambo yalikuwa mengine, na hofu ya zama zile ndiyo inayotembezwa barazani mpaka leo.

Lakini kuna wajibu ambao watu wanaupita bila kuuona. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 8, inamtaka mwenye uraia wa nchi mbili aiarifu serikali ndani ya miezi 3 tangu alipoupata ule wa pili. Asiyearifu ametenda kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo siku ya kuanzia hesabu ni jambo kubwa. Kwa Thailand, uraia unaanza siku jina linapochapishwa katika Gazeti la Serikali. Siku ya kula kiapo haihesabiwi, wala siku ya kupewa kitambulisho. Tarehe nayo itakuwa kwa kalenda ya Kibudha: 2568 maana yake 2025, unatoa 543. Mwambie aikague tafsiri ya gazeti kabla ya kuituma. Karatasi yenye mwaka wa karne ya ishirini na sita itarudishwa, na miezi 3 haimngoji mfasiri.

Kukana uraia wa Kenya ni shughuli ya peke yake, kifungu cha 19 cha sheria hiyohiyo. Mtu anatoa tamko rasmi kwa fomu iliyowekwa, tamko linasajiliwa, na likisajiliwa ndipo anapokoma kuwa raia. Barua aliyotia saini mbele ya polisi wa Bangkok haimwondoi katika daftari la Kenya hata siku moja.

Na kama ana ndoto za siasa au jeshi huku, kifungu cha 78 cha Katiba hakiwaruhusu maafisa wa serikali wala wanajeshi kuwa na uraia wa nchi mbili.

Umm Yahya, Bangkok

Dada, kabla ya barua hiyo kuna mengi ya kuangalia. Maombi mengi yanakwama mapema zaidi, na hasa ya walimu.

Sheria yao ni Sheria ya Uraia ya mwaka 2508, yaani 1965. Kifungu cha 10 kinataka mtu mzima, mwenye mwenendo mwema, mwenye kazi ya kueleweka, aliyekaa nchini miaka 5 mfululizo, na anayejua Kithai. Tangu marekebisho ya 2008, mume wa Mthailand amesamehewa mawili ya mwisho kupitia kifungu cha 11. Hana haja ya kupitia kwanza ukaazi wa kudumu, ambao una nafasi 100 tu kwa kila taifa kwa mwaka. Mke wa kigeni ana njia yake, kifungu cha 9, kwa hiyo makaratasi ya mwanamke aliyeolewa huko usimpe kakako kama mfano.

Kwa mume, wanaangalia ndoa iliyodumu miaka 3, au mwaka 1 kama kuna mtoto. Kipato kisipungue baht 40,000 kwa mwezi, hali asiye na mke wa Kithai hutakiwa 80,000. Cha kakako, 46,000, kinapita, mradi fomu za kodi zionyeshe kiasi hichohicho. Kama sehemu ya pesa ni posho ya nyumba au masomo ya jioni yanayolipwa taslimu bila kutangazwa, haitahesabiwa. Kuna pia alama: 100 kwa jumla, anatakiwa 50, na humo mna umri, elimu, kipato, muda aliokaa na Kithai. Msamaha wa lugha usimlaze. Akizungumza vizuri anazibeba alama ambazo mshahara hautampa.

Sasa sikiliza hili la walimu. Kibali cha kazi kinatakiwa kiwe cha miaka 3 isiyokatika. Skuli nyingi za Thailand zinawapa walimu wa kigeni mkataba wa miezi 10. Muhula ukifungwa mwezi Machi kibali kinafutwa, mwezi Mei kinatolewa kipya. Mwenyewe anaona amefanya kazi miaka saba bila kupumzika, lakini kitabu cha kibali kinaonyesha mashimo kila mwaka. Akifungue kitabu chake leo, ukurasa kwa ukurasa, aandike tarehe ya kuanza na ya kuisha ya kila muhuri. Kukiwa na siku hata chache katikati, hesabu ya miaka 3 inaanzia kwenye muhuri wa baada ya pengo. Kama ni hivyo, atafute skuli inayotoa mkataba wa miezi 12 kwanza, maombi baadaye.

La pili ni ndoa. Nikaha ya msikitini peke yake, hata iwe na mashahidi mia, si ndoa kwa sheria ya Thailand. Kifungu cha 1457 cha kanuni zao za madai kinasema ndoa inathibiti kwa kuandikishwa. Wakioana Bangkok wanaandikisha ofisi ya wilaya. Kama nikaha ilifungwa Lamu kwa Kadhi, cheti kinagongwa mhuri wa wizara ya mambo ya nje Nairobi, kinapita ubalozi wa Thailand, kinatafsiriwa kwa Kithai, kisha kinaingizwa wilayani kwa hati inayoitwa Kor Ror 22. Muulize ana hati gani hasa mkononi.

Awe pia na kitabu cha nyumba, yaani daftari la wakazi wa nyumba, cha rangi ya njano, kile cha wageni. Cha buluu atakipata akishakuwa raia.

Maombi ya mkazi wa Bangkok yanapokelewa na Santiban, tawi la usalama la polisi. Kutoka hapo yanakwenda kupekuliwa, kamati ya Wizara ya Mambo ya Ndani inamwita kumhoji, yanapanda kwa waziri, kisha kwa Mfalme kama kifungu cha 12 kinavyotaka. Baada yake kiapo, ndipo gazeti. Haya ni mambo ya miaka, si miezi, na muda wote huo kibali, viza na ndoa viwe hai. Akiacha kazi katikati maombi yanaanguka.

Mkomani Juu

Umm Yahya, ahsante. Ile barua ya nia ndiyo hasa anayoiuliza. Ninavyoisoma sheria yao, kifungu cha 10 hakikutaja kuukana uraia wa kwanza miongoni mwa masharti. Barua imo katika makaratasi ya maombi tu, nayo inazungumzia nia. Hakuna mahali sheria inaposema uraia ni batili mpaka ulete cheti cha kukana. Kwa nini basi ajikate mkono kabla hajaombwa?

Umm Yahya, Bangkok

Kuhusu cheti uko sawa. Lakini soma na kifungu cha 19 cha Thailand. (Kwa bahati kina nambari moja na kile cha kukana cha Kenya, msivichanganye.) Kinampa waziri uwezo wa kumvua uraia aliyeupata kwa kuomba iwapo kuna ushahidi kwamba bado anautumia uraia wake wa zamani. Akikaa nje zaidi ya miaka 5 bila makazi Thailand, pia anaweza kuvuliwa. Aliyezaliwa Mthailand kwa wazazi wa Kithai hana hofu hiyo, na mke wa kigeni aliyepitia kifungu cha 9 anahukumiwa kwa kifungu cha 16, ambacho hakitaji kutumia uraia wa zamani. Kwa mume, limeandikwa wazi.

Na "kuutumia" kunaonekana kwenye vitu vidogo. Anatoka Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, kwa pasipoti ya Thailand, anaingia Nairobi kwa ya Kenya, anarudi. Au anakwenda kujaziwa pasipoti ya Kenya upya ubalozini Bangkok. Mimi simwambii mtu atie saini kitu asichokikusudia. Barua ile ni tamko kwa serikali, na aitie saini akiwa ameshaamua moyoni kwamba atakana au la. Ikiwa hataki kukana, ukaazi wa kudumu upo. Una ada kubwa, baht 95,700 kwa mwenye mke wa Kithai na 191,400 kwa wengine ombi likikubaliwa, lakini haumtaki aseme lolote kuhusu Ukenya wake.

Shamba na Hati

Nimesoma yote, nyumba na shamba hazijaguswa. Dada, hapa ndipo familia yenu inapoweza kuumia, na uzuri ni kwamba bado mna wakati.

Fungu la mirathi halibadiliki. Mahakama ya Kadhi inagawa kwa sheria ya Kiislamu, na mtoto wa marehemu ni mrithi awe na pasipoti ya nchi gani. Kinachobadilika ni namna anavyoweza kuishika ardhi. Kifungu cha 65 cha Katiba: asiye raia anashika ardhi kwa kukodishwa tu, isiyozidi miaka 99. Hati ikimpa zaidi ya hapo, inahesabiwa ni miaka 99 basi. Akibaki na uraia wa nchi zote mbili bado ni raia, hakuna kilichobadilika. Akikana, fungu lake katika nyumba ya Langoni haliwezi kuwa milki huru tena.

Shamba la Hindi ni gumu zaidi kwa sababu ni la kilimo, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi. Ardhi ikihamia kwa warithi ilivyo, nzima, hamhitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Ikikatwa vipande viwili au zaidi, kifungu cha 6 kinarudisha haja ya idhini. Na kwa asiye raia bodi imelazimika kukataa, mpaka kuwe na msamaha wa Rais. Hebu ona mtego ulivyo: ndugu mnakubaliana vizuri, mpima anakuja, anaweka bikoni, ramani ya kukata inatoka, kisha kipande cha kakako kinakwama mezani na vyenu vinakwama pamoja nacho kwa kuwa ni ramani moja.

Kwa hiyo kama atakana, mfuatano uwe huu. Kwanza cheti cha kifo na hukumu ya mirathi. Kisha uhamisho kutoka jina la marehemu, idhini ya bodi, kukata, na kila mtu hati yake mkononi. Kama hataki kipande, mfidieni kwa pesa au kwa sehemu ya nyumba, na makubaliano hayo yaandikwe katika hukumu yenyewe, kwa maneno ya mdomo msiende. Tamko la kukana liwe la mwisho kabisa. Na hati yake mwenyewe akishakana inashuka kuwa ya miaka 99, hilo ajue mapema, halizuiliki kwa kuwahi kugawa.

Mtoto: kifungu cha 14 cha Katiba ya Kenya kinamfanya raia wa kuzaliwa popote alipozaliwa, maadamu siku ile baba au mama alikuwa raia wa Kenya. Huyu wa miaka mitatu ni Mkenya, na baba akikana kesho, yeye anabaki. Atakayezaliwa baada ya tamko kusajiliwa hatakuwa. Mwandikisheni huyu ubalozini sasa, baba angali na pasipoti.

Na msitegemee kwamba atarudi kwa urahisi. Kifungu cha 14(5) cha kurudishiwa uraia kimewataja waliokuwa wameupoteza kabla ya Katiba mpya kwa sababu ya kuchukua uraia wa kigeni. Kuukana kwa hiari leo ni jambo jingine.

Binti Langoni, Lamu

Allah awajazi kheri nyote. Nimempigia, kitabu cha kibali kina pengo la siku 19 mwaka juzi, kwa hiyo hesabu yake haijatimia. Mirathi tunaipeleka kwa Kadhi. Jambo moja limebaki: cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed, pasipoti ni Muhammad. Ni tatizo?

Umm Yahya, Bangkok

Ndiyo, na lirekebishwe sasa, pengo likiwa linajizibia. Herufi tatu tu, lakini mfasiri wa Kithai anaandika anachosikia, na cheti kitatoka na jina moja, pasipoti jingine. Polisi wataona watu wawili. Ale kiapo mbele ya wakili kwamba majina yote mawili ni yake, au bora cheti chenyewe kisahihishwe kwenye ofisi ya usajili wa kuzaliwa. Kisha achague mfasiri mmoja wa karatasi zote, ampe tahajia ya Kithai iliyomo katika hati yake ya ndoa, na amwambie asiiguse hata irabu. Cheti cha tabia njema cha Kenya, kile cha alama za vidole kwenye fomu ya C-24, akiombe baada ya jina kusahihishwa.

Shamba na Hati

Na jina hilohilo liingie katika ombi la mirathi kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha Kenya. Mkishalipeleka kwa Kadhi likiwa limeandikwa Mohamed, hati ya ardhi itatoka na Mohamed.