Ushauri: Kwa Whitehead, cha mwisho kabisa ni Mungu au ubunifu?

Mwanagenzi
Wakuu, salaam. Naandaa insha ya maneno 5,000 kwa Kiswahili juu ya Mungu na ulimwengu katika falsafa ya mchakato (inayouona ulimwengu kuwa umeundwa na matukio, si vitu vilivyotulia) ya mwanafalsafa Mwingereza Alfred North Whitehead. Nimekwama hapa: katika Process and Reality (1929) anasema kilicho cha mwisho kabisa, yaani kile ambacho nyuma yake hakuna kingine, ni ubunifu ("creativity"), na Mungu ni tokeo lake la awali lisilofungwa na wakati. Je, hapo ubunifu hauwi mungu mkubwa zaidi? Naomba pia ushauri wa istilahi na mpangilio wa kusoma.

KalamuNyeusi
Mkuu, anzia kwenye neno, maana ukilikosea hoja yote inalala. Ukiandika "uumbaji", msomaji anamwona Muumba papo hapo, na swali lako limeshajijibu kabla hujaliuliza. "Ubunifu" nao unamleta fundi mwenye wazo kichwani. Whitehead hasemi hayo. Anasema vingi hukusanyika kuwa kimoja, na hicho kimoja kikaongeza hesabu ya vile vingi. Jambo hilo halina mwenyewe wala mkono, na halitendi lolote pembeni ya matukio, yaani vile vipande vidogo kabisa vya muda mfupi ambavyo kwake ndivyo vinaunda ulimwengu.

Mimi ningechagua "uumbikaji". Kuumbika ni kupata umbo bila sentensi kudai mtendaji, na ukitaka kuonyesha kwamba tukio lenyewe linashiriki, lugha inakupa "kujiumba". Lifafanue neno aya ya kwanza, kisha usilibadilishe. Ukirukaruka kati ya ubunifu na uumbikaji, msomaji atadhani ni vitu viwili.

Sasa swali lako. Kanuni yake ya kiontolojia (inayohusu kuwapo kwa vitu) inataka sababu ya jambo lolote itafutwe ndani ya kitu halisi: tukio fulani, au Mungu. Uumbikaji si kitu halisi, kwa hiyo hauwezi kuwa sababu ya chochote, sembuse kumtawala Mungu. Hakuna mwendo unaozurura peke yake, kuna vinavyokwenda. Mwanafalsafa Spinoza alifanya cha mwisho na Mungu kuwa kimoja. Whitehead anavitenganisha kwa makusudi, na sababu aliitoa tangu 1925 katika Science and the Modern World, sura ya 11: Mungu akiwa ndiye msingi wa kila kitu bila kubakiza, basi na uovu wote chanzo chake ni yeye.

Mshumaa
Naunga mkono "uumbikaji". Jihadhari zaidi na kitenzi "kuwa", maana kwetu kinabeba mawili: "alikuwa mwalimu" na "amekuwa mwalimu". Kategoria (kanuni ya msingi) ya 9 kati ya zile 27 za maelezo katika Process and Reality ndiyo moyo wa kitabu, na ukiitafsiri haraka inageuka kusema kitu kinavyokuwa ndivyo kinavyokuwa. Andika hivi: namna kitu kinavyotukia ndiyo inayokifanya kiwe hicho kilicho.

Namna tukio linavyoshika yaliyolitangulia usiiite "kutambua". Sehemu kubwa ya ushikaji huo haina ufahamu wowote. Hata chembe ndogo kabisa ya maada inafanya hivyo. "Kunasa" linatosha.

Mzee wa Hoja
Nimwelekeze kijana kwenye utendaji, maana ndipo wengi wanapopotea. Fuata tukio moja tangu mwanzo. Linanasa matukio yaliyokwisha kukamilika. Linapokea kutoka kwa Mungu lengo la mwanzo, yaani uwezekano ulio bora kwa hali ile ile, hata kama hali yenyewe ni mbaya. Kisha linaamua lenyewe litaunganishaje lilivyopokea. Likikamilika linaacha kuwa mtendaji, na kubaki kama malighafi ya yajayo.

Kosa linalovunja insha ni kumpa Mungu uamuzi ule. Yeye anashawishi, haamrishi. Whitehead anasema wazo hilo ni la Plato. Wala hamwoni Mungu akiwa kabla ya viumbe vyote, bali pamoja navyo. Kwa hiyo kuumba kutoka pasipo kitu hakuna nafasi humu. Liseme hilo waziwazi, usilifunike kwa maneno ya heshima.

Halafu pande mbili za Mungu. Upande wa awali unapanga uwezekano wote, na peke yake hauna ufahamu. Upande wa matokeo unalipokea kila tukio la ulimwengu na kulihifadhi, na huo ndio wenye ufahamu. Anayeuacha upande wa pili anabaki na Mungu ambaye maumivu ya dunia hayamfikii, ilhali Whitehead anamwita msafiri mwenza anayeteseka pamoja nasi na kutuelewa.

Mwanagenzi
Shukrani sana. Wasomaji wangu wengi wamelelewa katika akida ya Kiash'ari, moja ya madhehebu ya itikadi ya Kiislamu, nao wanafundishwa kwamba sifa za vitu hazidumu nyakati mbili, Mwenyezi Mungu anaziumba upya kila mara. Nikilinganisha nitakosea?

KalamuNyeusi
Linganisha, ila usiishie kwenye kufanana. Pande zote mbili zinaukata ulimwengu vipande vya muda mfupi. Lakini kwa Maash'ari uwezo wote ni wa Mungu, na moto hauunguzi pamba kwa nguvu yake. Kwa Whitehead kila tukio lina sehemu yake ya uwezo, na Mungu mwenyewe anapokea kutoka kwalo. Hapo njia zinaachana kabisa. Mwanafalsafa na mshairi Mwislamu Muhammad Iqbal aliwajadili Maash'ari na Whitehead katika mihadhara yake iliyochapishwa 1930. Mpitie kabla hujaandika sehemu hiyo.

Mshumaa
Usiache pingamizi kubwa la ndani. Tukio hunaswa likishakamilika. Kwa Whitehead, Mungu ni kitu halisi kimoja kisichokamilika kamwe. Sasa matukio yanamnasaje? Charles Hartshorne, mwanafalsafa aliyeiendeleza falsafa hii ya mchakato, alijibu kwa kumfanya Mungu mfululizo wa matukio, kila moja likikamilika na kurithiwa na linalofuata. Jibu hilo linazaa tatizo jingine: nadharia ya Einstein ya 1905, ile ya uhusianifu, haikubali "sasa" moja ya ulimwengu mzima, na mfululizo huo unaihitaji. Ningelipa suala hili maneno 1,200, uumbikaji 1,000, pande mbili za Mungu 1,300, Maash'ari 800. Yanayobaki ni utangulizi na istilahi.

Mzee wa Hoja
Kusoma: sura ya 11 aliyoitaja KalamuNyeusi kwanza. Kisha katika Process and Reality ruka moja kwa moja hadi sura ya mwisho, ndipo urudi kwenye kategoria, sehemu ya kwanza, sura ya 2. Ukianza na kategoria utachoka kabla hujajua zinatafuta nini. Tumia toleo lililosahihishwa la 1978; lile la 1929 lina makosa mengi ya uchapaji. Hili jipya linaonyesha pia kurasa za zamani ndani ya mabano, hivyo usichanganye namba mbili hizo unaponukuu.