Nilete mashine ya mchele Igurusi au nitulie kwanza?

Kijana wa Igurusi, yupo Tennessee:

Kamwene, mugonile, poleni na majukumu. Naombeni ushauri wa kweli, sio wa kunifurahisha. Kiwandani kwetu tunatengeneza vipuri vya magari. Laini yangu tulikuwa kumi na wanne kwa shifti, mwaka huu wameleta mikono ya roboti na tumebaki watano, wengine wamepelekwa stoo na wengine mkataba ulipoisha ndo basi. Sisi tuliobaki kazi yetu kubwa ni kuangalia roboti lisikwame na kufagia chini yake. Ovataimu imekata kabisa. Na redio ya hapa kila siku ni ushuru tu, eti ushuru unarudisha viwanda nyumbani, sasa mi najiuliza kiwanda kimerudi na nani?

Nina akiba ya miaka sita. Binamu yangu kanitumia video ya mashine ya kuchambua mchele kwa kamera, imetoka China, imetumika kidogo. Anasema Igurusi na Ubaruku, kwetu Mbarali mkoani Mbeya, siku hizi kama mchele wako haujapita kwenye hiyo mashine, mnunuzi wa Nairobi anakupita kama hakuoni. Nilete? Na mpaka ukifungwa ghafla kama ile 2025 pesa yangu itakuwa wapi?

Dada wa Mwanjelwa:

Kaka pole sana, na hongera kwa kuuliza kabla hujatuma hela, wengi wanauliza kontena likiwa tayari bandarini. Mi nimekaa Uingereza miaka nane nikifunga saladi kiwandani, nimerudi Mbeya, sasa hivi nauza mchele na ndizi, kwahiyo ninachokuambia nimekipitia.

Najua video haikuonyeshi kitu, ngoja nikueleze mashine yenyewe. Mchele unamwagwa juu, unateremka kwenye vijia vyembamba kama mtelezo, kila punje inapita mbele ya kamera, ikionekana nyeusi au ya njano au ni kajiwe, kunatoka upepo mdogo pff unaipiga pembeni, zilizobaki zinashuka nyeupe tupu. Ukisimama karibu unasikia kama mvua ya manyunyu kwenye bati, na juu yake ile pff pff pff ya kompresa haiishi. Kwa kweli inapendeza, mara ya kwanza nilisimama pale mpaka mwenye mashine akaniuliza kama nimekuja kununua au kushangaa.

Lakini geuka uangalie nyuma yako, kwenye uwanja wa mashine. Pale zamani kulikuwa na maturubai yametandazwa na akina mama wamekaa na nyungo, wanachagua mchele kwa mkono, wanalipwa kwa gunia. Mama yangu mdogo alikuwa mmoja wao, vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la pumba mpaka kwenye mikunjo, akinawa havitoki vyote. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ule ungo. Sasa hivi wale walio bado pale wanasubiri getini mashine izimwe waingie kufagia chenga zilizomwagika, wakauze kwa sado mtaani. Sikuambii haya ili uogope kuleta, nakuambia kwasababu wewe mwenyewe huko unafagia chini ya roboti, na ukileta mashine bila kuwaza utamfanya mama wa mtu wa Igurusi awe wewe.

Sasa kwanini mashine zimekuja kwa kasi hivi, hapa ndo watu wanakosea, wanasema ni tamaa ya wenye mashine. Sio hivo. Mchele kwenye ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uko kwenye bidhaa nyeti, ukitoka nje ya Jumuiya unatozwa asilimia 75 au dola 345 kwa tani, inaangaliwa ipi kubwa. Huo ni ukuta, na ukuta huo ndo unafanya mkulima wa bonde la Usangu, huko kwenu, apumue. Ila Kenya kwa miaka mingi wamekuwa wakipewa ruhusa watoze 35 tu, ndo maana mchele wa Pakistan umejaa Nairobi, na ule mchele unakuja umeshachambuliwa na mashine, hauna jiwe wala punje nyeusi hata moja. Mnunuzi anauweka pembeni ya wa kwetu. Wa kwetu una harufu nzuri, ukipikwa jirani anajua, lakini machoni ni mchafu. Yani pengo la ukuta liko Mombasa ila aliyenyang'anywa ungo yuko Igurusi. Kwahiyo kaka soko lenyewe ndo linadai hiyo mashine, sio binamu yako.

Na ukuta nao unaweza kushushwa na mwenye ukuta. Mwaka 2013 serikali yetu iliruhusu mchele wa nje uingie bila ushuru ili bei ya mjini ishuke, ikashuka kweli, wa mjini wakafurahi na mkulima wa Mbarali akabaki na magunia ndani. Ndo maana mi mtu akiniambia ushuru unamlinda mkulima namjibu unamlinda mpaka siku wakubwa watakapoamua vingine, hupigiwi simu.

Kuhusu mpaka. Machi 2025 Malawi walizuia mahindi, unga, mchele, tangawizi na ndizi kutoka kwetu. Wakati huo nilikuwa na mzigo wa ndizi za Rungwe, tumepakia Tukuyu usiku, Fuso imefika Kasumulu mpakani asubuhi, mteja wangu wa Karonga, Malawi, yuko ng'ambo ananipungia mkono, namuona kabisa, na mzigo haupiti. Mchele unaweza kusubiri, ndizi haina subira. Siku ya kwanza zilikuwa kijani, siku ya pili ncha zimeanza njano, siku ya tatu ukifunua turubai joto linakupiga usoni na ile harufu tamu ambayo nyumbani ungeifurahia, pale nililia. Tulirudi Kyela tukauza mikungu kwa bei ya kuokota. Dereva nilimlipa kwa kukopa.

Afu Aprili 23 Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, akatangaza na sisi tunafunga, mazao ya Malawi hayaingii na ya Afrika Kusini hayaingii, kwasababu Afrika Kusini nao walikuwa wanazuia ndizi zetu, na mbolea ya kwenda Malawi nayo ikasimamishwa. Nakiri siku ile nilishangilia. Nilisema sasa na wao waonje. Baada ya siku chache wakakaa mezani, zuio likaondolewa. Lakini nenda kaulize Kasumulu ni nani alilipia zile siku, utaambiwa ni mama mwenye matufaa kwenye beseni pale Kabwe na dereva wa Malawi aliyelala chini ya lori. Nchi zote mbili zilitunishiana misuli, mizigo ya watu wadogo ndo ilikuwa kamba ya kuvutana.

Mzee wa Tukuyu, yupo Houston:

Binti yangu umesema vizuri na pole kwa ndizi zako, ila hapo kwenye serikali sikubaliani na wewe. Serikali ingefanya nini? Malawi waliandikiwa, wakafuatwa, kimya. Mzigo wao mwingi unapita bandari yetu ya Dar na hapo Mbeya wana kituo chao cha mizigo, halafu ndizi ya Rungwe wanaifungia mlango! Nchi isiyojibu inazoeleka. Ulisema mwenyewe walikaa mezani baada ya siku chache, walikaa kwasababu walibanwa.

Mnakumbuka mitumba? 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mpaka iishe ili viwanda vyetu vya nguo vifufuke. Wenye biashara ya mitumba huku Marekani wakalalamika, Washington ikatishia kututoa kwenye AGOA, ule mpango wa bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya wakarudi nyuma, sisi na Uganda tukafuata, Rwanda peke yake wakakaza, na Julai 2018 nguo zao zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru. Tukiwa wadogo mbele ya mkubwa tunanyamaza, basi angalau kwa jirani tusinyamaze.

Dada wa Mwanjelwa:

Shikamoo baba. Kwenye mitumba nakuunga mkono asilimia mia na Rwanda nawavulia kofia. Kwenye Malawi pia sijasema serikali ilikosea kujibu. Nilichosema ni namna. Kwanini wao na Malawi wasitangaze kwamba mzigo uliokwishakatiwa vibali na uko njiani upite, zuio lianze kwa mizigo mipya baada ya wiki mbili? Malawi wangebanwa vilevile, maana wanaohesabu wiki mbili ni matajiri wao wa mbolea, na mimi nisingeozesha. Karatasi inasainiwa Dodoma au Lilongwe mara moja, ndizi imepandwa mwaka mzima. Hilo ndo nataka nyie wenye sauti huko mlisemee, mnapokutana na mabalozi msiishie kwenye pasipoti na viwanja, semeni habari ya muda wa taarifa mpakani. Sisi huku tukisema tunaonekana tunalalamika.

Na baba, jirani ni mteja. Yule wa Karonga alinilipia nusu ya hasara yeye mwenyewe bila mkataba, kwasababu tumeshazikiana ndugu.

Mzee wa Tukuyu, yupo Houston:

Marahaba. Hilo la wiki mbili nimelipenda. Nitalisema.

Kijana wa Igurusi, yupo Tennessee:

Nimesoma mara mbili, nimeshindwa kulala. Niongeze la huku. Januari 2018 Marekani waliweka ushuru kwenye mashine za kufulia kutoka nje, LG wakafungua kiwanda hapahapa Tennessee, Clarksville, 2019, na Samsung wakafungua South Carolina. Wachumi wakapiga hesabu, bei ya mashine ilipanda kama asilimia 12, hata mashine za kukaushia ambazo hazikutozwa zikapanda maana huwa zinauzwa pamoja, na kazi zilizopatikana ni kama 1,800. Kila kazi moja iliwagharimu wanunuzi karibu dola 815,000 kwa mwaka. Na ukiingia viwanda vipya vya siku hizi roboti ni nyingi. Ndo maana nasema ushuru unaweza kurudisha kuta za kiwanda, wale waliokuwa ndani haurudishi. Kericho, Kenya, 2023 watu walichoma mashine za kuchumia chai, na mi nina shangazi Mufindi anachuma chai, hasira ile naielewa ingawa najua ukichoma moja zinakuja mbili.

Dada, nimeamua kuleta, ila niambie nifanye nini kwa wale akina mama.

Dada wa Mwanjelwa:

Kaka asante kwa kuuliza hilo, mama mdogo nimemsomea akanyamaza muda mrefu, akasema mwambie asituletee huruma, atuletee mizani.

Na amesema kweli. Mchele ukishachambuliwa unauzwa kwa gunia la kilo mia, mnunuzi wa Nairobi ndo anaupaki kwenye mifuko ya kilo mbili na tano na faida inabaki kwake. Nunua mizani mbili nzuri za dijitali, mashine ya kushona mifuko, na zile za kubana plastiki kwa moto, bei yake ukilinganisha na hiyo ya kamera ni ndogo. Akina mama wanane wapaki, na mama mdogo awe mkaguzi, maana kamera inaona rangi ila haijui mbegu ya Saro iliyochanganywa kwenye mbegu ya Supa, yeye anajua kwa kunusa na kutafuna punje mbili. Wanunuzi wanalalamikia sana kuchanganyiwa, na hakuna mashine pale Igurusi inayotatua hilo.

Kuhusu kuingiza, mitambo mingi ya uzalishaji kwenye ushuru wa Jumuiya ni asilimia 0, lakini usifurahie hiyo sifuri, kuna VAT na tozo nyingine, na kama namba ya bidhaa kwenye makaratasi imekosewa utajikuta umeingizwa kwenye 25. Mwombe muuzaji akutumie namba hiyo na picha ya kibati cha mashine KABLA hujalipa, umpe wakala wa forodha akupigie hesabu yote kwa maandishi. Mashine iliyotumika ina balaa moja, vile vipua vya upepo vinachoka, kimoja kikifa mstari mzima unapitisha punje nyeusi, na fundi anatoka Dar. Nunua akiba ya vipua ishirini hukohuko. Umeme wa Igurusi unapanda na kushuka, bila stabilaiza kamera zinaweza kuungua wiki ya kwanza.

Na usitume hela kwa binamu yote. Njoo mwezi wa sita, mavuno yakiwa yameiva na mashine zote zinafanya kazi usiku na mchana, ulale Igurusi siku tatu, kaa getini na daftari uhesabu magunia yanayoingia kwa kila mashine na foleni ina urefu gani. Ukiona magari yanasubiri mpaka alfajiri utajua nafasi ipo. Ukiona mashine mbili za kamera zimesimama mchana, rudi na hela yako tuongee habari ya mizani peke yake. Nitakupokea stendi ya Nane Nane, niambie tu unakuja na basi gani.