Je, mshairi Dennis Brutus alikosea kuikataa heshima ya mwaka 2007?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mapambano ya Afrika Kusini tukiyataja humu huwa tunaanza na Mandela na kuishia kwa Mandela. Leo namleta Dennis Brutus, mshairi, pamoja na uamuzi wake mmoja ambao bado unawagawa watu.

Desemba 2007, nchi ikiwa na miaka 13 tangu uchaguzi wa watu wote, Jumba la Heshima la Michezo la Afrika Kusini lilitaka kumwingiza katika orodha ya mashujaa wake. Mzee wa miaka 83 akafika ukumbini, akasimama mbele ya wageni, akaikataa. Hoja yake ilikuwa hii: haiwezekani waliotetea michezo ya ubaguzi wakawekwa safu moja na walioumizwa na ubaguzi huo. Kwanza ukweli usemwe na radhi iombwe, ndipo watu wapatane.

Wako wanaosema kilikuwa kinyongo cha mzee. Nasema alikuwa sahihi kabisa, na sababu zangu zimo katika maisha yake mwenyewe.

Alizaliwa Salisbury, Harare ya leo, mwaka 1924, akakulia Port Elizabeth. Serikali ilimwandika kuwa chotara, na neno hilo kwenye karatasi ndilo lililoamua akae wapi na atibiwe wapi. Alisoma Fort Hare, akawa mwalimu wa sekondari. Kuanzia 1958 alikuwa katibu wa chama kilichodai jambo dogo tu: timu ya taifa ichaguliwe kwa uwezo wa mchezaji. Kwa hilo alipoteza kazi ya ualimu, akapigwa marufuku kuhudhuria mikutano, na baadaye hata kuchapisha maandishi yake.

Mwaka 1963 alikamatwa kwa kuvunja marufuku hiyo. Alikuwa amehudhuria kikao cha michezo. Akiwa nje kwa dhamana alitoroka kupitia Swaziland, akikusudia kufika Ulaya kuzungumza na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Polisi wa Kireno wakamnasa Msumbiji, wakamkabidhi kwa makaburu. Johannesburg alijaribu tena kukimbia, akapigwa risasi mgongoni. Gari la wagonjwa lililotangulia kufika lilikuwa la Wazungu. Likamwacha pale chini anavuja damu, akangoja la watu wa rangi yake.

Kisha Robben Island, kifungo cha miezi 18, kuponda mawe. Mwaka 1964, yeye akiwa mfungwa, Afrika Kusini ikazuiwa kushiriki Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 1970 ikafukuzwa kabisa katika Olimpiki. Vuguvugu aliloshiriki kuliasisi kupinga ubaguzi katika michezo, SANROC, ndilo lililosukuma hayo.

Na ushairi? Alipotoka gerezani hakuruhusiwa kuandika kitu cha kuchapishwa, kwa hiyo mashairi ya gereza akayaandika kama barua kwa shemeji yake Martha, ambaye mumewe, ndugu yake Brutus, naye alikuwa amefungwa. Barua si kitabu, sheria haikuweza kumkamata hapo. Humo hamna kelele za jukwaani. Kuna mtu anayetazama nyota kupitia dirishani, kuna hofu ya usiku, kuna mambo ya aibu ambayo wafungwa hufanyiana, yameandikwa kwa sauti ya chini. Yalichapishwa mwaka 1968, yeye akiwa tayari uhamishoni baada ya kuondoka 1966 kwa kibali kisichomruhusu kurudi. Mwaka 1970 akatoa kitabu kwa jina la John Bruin, kikasomwa ndani ya Afrika Kusini kwenyewe mpaka wakubwa waliposhtuka kwamba Bruin ni Brutus.

Sasa shikeni hili, maana ndilo msingi wa mada yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mbari, klabu ya waandishi na wasanii ya Ibadan, Nigeria, walimpa tuzo ya ushairi. Akaikataa. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa tuzo ya watu weusi peke yao. Mtu anayewindwa na serikali ya Wazungu, hana kazi, anaikataa tuzo ya upande wake mwenyewe kwa sababu imepimwa kwa rangi! Mtu wa namna hiyo ukimwita mwenye kinyongo unamwonea.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Arusha

Mkuu, historia umeileta vizuri na nakushukuru, ila hitimisho nakupinga.

Mandela alikaa gerezani miaka 27, si miezi 18. Mwaka 1995 alivaa jezi ya Springbok, timu ya taifa ya raga, alama ambayo weusi wengi waliichukia, akampa nahodha Mzungu Kombe la Dunia mkononi. Na kabla ya hapo, Barcelona 1992, Derartu Tulu wa Ethiopia alishinda mita 10,000, akazunguka uwanja pamoja na Elana Meyer, Mzungu wa Afrika Kusini aliyekuwa wa pili. Kila nikiikumbuka picha ile nasisimka. Michezo iliwafikisha watu mahali ambapo siasa ilikuwa bado inajikongoja.

Orodha ile ilikuwa ya michezo. Aliyekimbia vizuri alikimbia vizuri. Kijana wa Kizungu aliyezaliwa mwaka 1950 na kuchaguliwa timu ya taifa alifanya kosa gani hasa? Hakuitunga yeye ile sheria. Brutus angeipokea heshima ile, halafu akaitumia jukwaa hilohilo kuwasema.

Mchangiaji, Eldoret

Mimi nazungumza kama mtu wa riadha, ndugu zangu. Mnasahau waliolipa gharama. Montreal 1976 nchi nyingi za Afrika zilijitoa kwa sababu New Zealand iliruhusiwa kushiriki huku timu yake ya raga ikizuru Afrika Kusini, wiki chache tu baada ya watoto kupigwa risasi Soweto. Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa na rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3:32.2, aliyoiweka Christchurch 1974 mbele ya John Walker. Dunia nzima ilingoja wakutane tena. Bayi hakukimbia, dhahabu ikaenda kwa Walker, mtu wa New Zealand. Kwetu Mike Boit alirudi bila kugusa uwanja. Henry Rono naye, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakukimbia Olimpiki hata moja, maana 1980 Kenya ilisusia tena kwa sababu nyingine.

Hakuna aliyewauliza wanariadha wale kama wanakubali. Hilo linaniuma mpaka leo, na sitaki mtu alipambe. Lakini kwa sababu hiyohiyo namuunga mkono Brutus. Wenzetu walitoa ujana wao ili timu ya rangi moja isitambulike. Miaka 30 baadaye unaitambua kimyakimya kwa kuitundika picha yake ukutani? Wakina Boit walikosa mbio zao kwa ajili gani basi?

Mchangiaji, Durban

Naishi huku, kwa hiyo niongeze la huku. Brutus hakuwa peke yake kati ya washairi wa uhamishoni. Mazisi Kunene alikubali kuwa Mshairi wa Taifa mwaka 2005. Keorapetse Kgositsile, ambaye alipopita Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi katika jarida la Spearhead, akamfuata 2006. Mbona wao walipokea?

Tena Brutus wa miaka ya mwisho alikuwa anaipinga serikali ya ANC waziwazi. Alikuwa na wanaharakati wa maji na umeme hapa Durban, na aliunga mkono kesi iliyofunguliwa Marekani dhidi ya makampuni yaliyofanya biashara na makaburu. Naona kukataa kwake kulikuwa sehemu ya ugomvi huo.

Mleta mada

Dada wa Durban, nakubaliana nawe kwamba ni jambo moja na kesi ile, ila sioni kwa nini hilo limpunguzie. Makampuni yale yalitaka kusahau, wasimamizi wa michezo nao walitaka kusahau, naye akawaambia wote neno lilelile. Kunene na Kgositsile walipewa cheo cha ushairi na serikali waliyoipigania. Hakuna aliyewaambia wasimame safu moja na mtu aliyewapiga marufuku.

Ndugu wa Arusha, Mandela alikuwa rais mwenye nchi iliyokuwa karibu kuwaka moto, na jezi ile aliivaa kwa ajili ya kazi hiyo. Alikuwa na haki ya kusamehe yaliyompata yeye. Hakuwa na uwezo wa kusamehe kwa niaba ya mchezaji wa kriketi wa Port Elizabeth ambaye hakuwahi kuuona uwanja wenye nyasi. Barcelona nami naipenda, lakini Tulu na Meyer walishikana mikono wenyewe, hakuna kamati iliyowapanga.

Kuhusu kijana aliyezaliwa 1950: simhukumu kwa kukimbia. Namuuliza kama amewahi kutamka hadharani kwamba nafasi yake ilikuwa imezuiliwa wengine. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifanya vikao maalumu kuhusu biashara, sheria, afya, vyombo vya habari, dini na magereza. Michezo haikupata kikao chake. Viongozi wa vyama vya michezo vya wakati ule hawakuitwa kuulizwa. Sasa mnataka yeye aanze kwa kupokea nishani, halafu ukweli uje siku nyingine?

Brutus alifariki Cape Town Desemba 2009, kikao hicho hakijafanyika. Ndugu wa Arusha, ulisema angepokea kwanza kisha aseme. Nitajie aliyewahi kupokea heshima ya namna hiyo, akasema, na waliompa wakabadilika. Ukimpata, tuendelee kutoka hapo.