Eti mpangaji ni "mpita njia"! Huo mtaro mnajenga kwa hela ya nani?

Mpangaji Sugu ameanzisha uzi:

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi, hata mtandio sijavua, mikono inatetemeka. Naandika kabla sijatulia maana nikitulia nitasamehe, na hili sitaki kulisamehe.

Yule mheshimiwa wa mtaa wetu mnamjua. Yule wa kofia. Yule ambaye mradi ukija ndiye wa kwanza kupiga picha na greda, mvua ikinyesha haonekani mpaka nguo zikauke. Leo kaitisha mkutano pale shuleni tuambiwe habari za mtaro na barabara ya mtaa. Nimefunga genge saa tisa, nyanya zangu nimemwachia mtoto wa jirani, nikaenda kukaa mbele kabisa.

Ramani ilibandikwa ukutani. Nikaiangalia vizuri. Mtaro unatoka juu kwenye nyumba za ghorofa, unashuka, unafika nyuma ya vyumba vyetu, unaishia hapo. Hauungani na mto wala na chochote. Yaani maji ya mtaa mzima yanasindikizwa mpaka dirishani kwangu halafu yanaambiwa kwaheri. Na hivi hivi, bila huo mtaro, masika tunalala juu ya meza kama sahani.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa adabu kabisa: mheshimiwa, maji yakifika pale mwisho yanaenda wapi?

Akanywa soda. Akafuta mdomo. Akasema: "Mama, mita ya umeme, hiyo LUKU, pale unapokaa ni ya jina lako?"

Nikasema hapana, nimepanga.

"Basi keti. Hapa tunaongea na wenye mtaa. Wewe ni mpita njia."

Watu WAKACHEKA. Mwenye nyumba wangu, ambaye haishi hata mtaani, anakuja siku ya kodi tu, naye alikuwepo na alicheka mpaka akashika mbavu.

MPITA NJIA. Miaka kumi na moja! Mwanangu kazaliwa pale, sasa yuko darasa la tano. Njia gani hiyo napita miaka kumi na moja sifiki? Konokono angekuwa ameshafika Mwanza, ameoa, amerudi na wajukuu.

Na anauliza LUKU, haya tuongee LUKU. Tuko vyumba sita, mita moja, tunachangishana. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU, ilianza 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikawa 1,500. Ni 18,000 kwa mwaka. Nani ananunua umeme? Sisi. Mwenye nyumba hajawahi kuingiza hata tarakimu moja kwenye ile mita. Kwa hiyo kodi ya jengo tunalipa wapita njia, halafu jengo likijadiliwa tunaambiwa tuketi.

Akanywa soda kwanza, wakuu. Hicho ndicho kinaniuma. Hakukasirika hata kidogo. Alikunywa soda taratibu ndipo akanitukana.

Kandambili Moja:
Nimekaa siti ya mbele. Swali dogo tu: alivyosema keti, uliketi?

Mpangaji Sugu:
Niliketi. Miguu iliisha nguvu. Usinicheke.

Kandambili Moja:
😂😂😂 Mama wa watu kaketi. Mimi ningebaki nimesimama mpaka leo.

Nyundo ya Saa Sita:
Kila mtaa una wa kofia wake. Wetu aliweka jiwe la msingi la kivuko. Jiwe lipo na lina maandishi mazuri, kivuko hakuna. Watoto wanavuka mto wakiwa wameshika viatu mkononi, wanapita wanalisoma jiwe. Pole sana mama, usinyamaze.

Tofali Sita:
Mimi ni mwenye nyumba na nitasema ukweli hata mkinitukana. Sheria iko wazi, kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Mpangaji akikatwa kwenye LUKU anatakiwa amdai mwenye nyumba au wakate kwenye pango. Mdai wako. Mheshimiwa kakosa nini? Mpangaji kesho anahama, mimi ndiye nitabaki na huo mtaro miaka thelathini.

Mpangaji Sugu:
Nimdai 1,500 mtu aliyenicheka mbele ya mtaa mzima? Akinirudishia 1,500 mwezi unaofuata anapandisha chumba 20,000. Na wewe unajua, kwa sababu ndivyo mnavyofanya.

Na tuseme ukweli wote basi. Lami ikifika, chumba cha 50,000 kinakuwa 80,000. Hela ya mradi ni ya umma, nyumba inayopanda bei ni yako, anayefungasha godoro ni mimi. Halafu mimi ndiye mpita njia! Mnanipitisha nyie!

Mradi wa kuboresha Dar uliopitishwa mwaka 2015 ulikuwa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 300. Mkopo huo haulipwi na wenye hati peke yao. Unalipwa na kila anayenunua sabuni. Shilingi 100 iliyoongezwa kwenye kila lita ya petroli mwaka 2021 kwa ajili ya barabara za mitaani, mimi naitoa kila ninaposhusha mzigo wa genge kwa bajaji. Hakuna aliyeniuliza pale kituoni kama petroli ni ya jina langu.

Akanywa soda. Akafuta mdomo.

Mzee wa Kota:
Binti yangu, huyo asome habari za Magomeni Kota. Wale walikuwa wapangaji, tena wapangaji wa nyumba chakavu za manispaa. Walitolewa, nyumba zikavunjwa, wakatangatanga karibu miaka kumi. Mwaka 2016 Magufuli akaenda pale, akaagiza zijengwe, Wakala wa Majengo akajenga, na Machi 2022 Rais Samia akazindua. Kaya 644. Hakuna aliyewaambia ni wapita njia. Orodha ya wapangaji ndiyo iliyotumika kujua nani anarudi.

Na huko Hanna Nassif, Kinondoni, miaka ya 1990 wakazi wenyewe walishika sururu wakachimba mitaro kwa ujira. Sururu haiulizi mita.

Mpangaji Sugu:
Mzee wangu, Mungu akuweke. Hilo ndilo nilitaka kusema pale, ulimi ukakauka. Kaya 644 za wapangaji zilihesabiwa moja moja, mimi nashindwa kuhesabiwa kwenye mkutano wa darasa moja lenye madawati ishirini!

Shangazi wa Temeke:
Mzee umesahau kusema kuwa waliahidiwa kukaa bure miaka mitano ndipo wauziwe, halafu yakaja mengine ya bei. Msipambe.

Mzee wa Kota:
Sijasahau. Nimesema walihesabiwa. Habari ya bei ni uzi mwingine na nitauanzisha mwenyewe.

Kinoo Kavu:
Mnazungumzia kota, mimi nina kidonda cha Sinza. Miaka ya 1970 viwanja vile vilipimwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia vikikusudiwa watu wa kipato cha chini. Babu yangu alikuwa kuli bandarini, akapata kimoja. Akashindwa kujenga kwa muda, akakiuza kwa bei ya baiskeli na redio. BAISKELI NA REDIO. Leo nikipita pale kwenye hoteli iliyosimama juu ya kiwanja chetu natamani kulala barabarani. Redio yenyewe haishiki stesheni.

Nyundo ya Saa Sita:
Baiskeli ipo?

Kinoo Kavu:
Iliibiwa 1984.

Jamaa wa Umoja:
Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi mnalia 1,500 ya jengo? Huku tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri anaongeza 1.5 yake. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2023 kwamba ile sheria ni kinyume cha Katiba, tukashangilia. Machi 2024 sheria mpya ikatiwa saini na makato yakarudi kama mkwe aliyesahau mwavuli. Mimi niko kwa foleni ya nyumba, bado nalipa kodi ya plot kwa landilodi, na landilodi pia ameomba nyumba! Tuko kwa foleni moja na yeye yuko mbele yangu.

Shangazi wa Temeke:
😂😂 Landilodi yuko mbele yako! Hii imenimaliza. Afadhali ninyi mnajua mnachokatiwa.

Tofali Sita:
Asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba, hata sisi tungelipa. Tatizo letu hakuna mfumo.

Jamaa wa Umoja:
Bwana, usiombe. Usiseme hilo neno kwa sauti, watasikia.

Mpangaji Sugu:
Jamani, mtaro. Bado hakuna aliyeniambia maji yanaenda wapi. Nimepiga picha ile ramani, mwisho wa mtaro ni ukuta wa choo chetu. Wiki ijayo kuna mkutano mwingine na nitakwenda tena, nitabeba risiti za LUKU za tangu 2021, zote, zimejaa kopo la maziwa. Nitazimwaga mezani pale pembeni ya soda yake. Aniambie ni mpita njia gani anayelipa ushuru wa njia miaka yote hiyo.

Nani wa mtaa wetu yuko humu anisindikize?

Kandambili Moja:
Safari hii usiketi.

Nyundo ya Saa Sita:
Mama usimwage, piga kivuli kwanza. Za asili acha nyumbani. Hawa watu karatasi zikishafika mezani kwao hazirudi.

Dalali Mstaafu:
Nimesoma uzi wote kwa uchungu. Mama, kama umechoka na maji kuna chumba na sebule Tabata, juu kilimani, maji hayafiki, mita yako peke yako, 120,000. Miezi sita.

Mpangaji Sugu:
Sihami. Ndicho anachotaka.

Shangazi wa Temeke:
Miezi sita! Hawa madalali nao wanahitaji uzi wao. Mwaka jana nimelipa dalali kodi ya mwezi mzima kunionesha nyumba niliyokuwa naiona kila siku nikienda sokoni.

Dalali Mstaafu:
Shangazi, ulikuwa unaiona kwa nje. Funguo nilikuwa nazo mimi.

Kinoo Kavu:
Elezea hiyo ya Tabata. Choo cha ndani?

Dalali Mstaafu:
Cha ndani, vigae, maji ya kisima. Parkingi ya bajaji ipo.

Tofali Sita:
Tabata ipi? Kuna Tabata na Tabata.

Kinoo Kavu:
Kama ni karibu na lami niandikie faragha. Miezi mitatu hawezi kukubali?