Uhusianifu maalumu unafundishwa kama orodha ya fomula, halafu mnashangaa watu wanafeli

Wakuu, hili la mekanika ya mwaka wa kwanza linatia hasira. Karibu muhula mzima unaishia kwenye makapi na miteremko yenye msuguano, kisha uhusianifu maalumu (special relativity, nadharia ya Einstein ya mwendo wa kasi kubwa) unasukumiwa wiki za mwisho. Mhadhiri anaandika γ ubaoni, yaani 1/√(1 − v²/c²), v ikiwa kasi ya kitu na c kasi ya mwanga: saa iliyo mwendoni huchelewa, fimbo iliyo mwendoni hufupika, haya fanyeni mazoezi. Kwamba matukio yanayotokea wakati mmoja katika fremu moja (yaani kwa mtazamo wa mpimaji mmoja) hayatokei wakati mmoja katika fremu nyingine, na hapo ndipo roho ya somo ilipo, hakuna anayeligusa!

Sasa mpe mwanafunzi huyo swali la ngazi na ghala. Ngazi ikiwa imetulia ina mita 10, ghala mita 8, kasi ni 0.6c. γ ni 1.25, kwa hiyo aliyesimama ghalani anapima ngazi ya mita 8 kamili, na milango yote miwili inafungwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja, ngazi ikiwa ndani. Hamia kwenye fremu ya ngazi: aliyefupika ni ghala, limebaki mita 6.4. Ngazi ya mita 10 imeingiaje? Aliyekariri fomula mbili anakwama hapo, na hana kosa.

Jibu liko kwenye t′ = γ(t − vx/c²), t na x zikiwa wakati na mahali kwa fremu ya ghala, t′ wakati kwa fremu ya ngazi. Mlango wa kuingilia uko x = 0, wa kutokea x = mita 8, yote t = 0. Wa kutokea unakupa t′ ya nanosekunde 20 kabla ya sifuri. Yaani kwa ngazi, mlango wa mbele ulifungwa na kufunguliwa kwanza, wa nyuma ukafuata nanosekunde 20 baadaye. Katika muda huo ghala limesogea mita 3.6. Jumlisha na 6.4, unapata 10. Kitendawili kimekwisha, kwa hesabu ya mistari minne. Mnashindwa nini kuifundisha?

Tena tatizo linaanzia kwenye mekanika yenyewe. Mtu anafika kwenye fomula za Lorentz (za kuhama fremu, kama hiyo ya t′) hajawahi hata kuchukua mgongano mmoja wa kawaida na kuuandika upya katika fremu ya kitovu cha tungamo, yaani ile inayosafiri pamoja na kitovu hicho.

Halafu hizo noti za "tungamo linaongezeka", m inageuka γm. Mwanafunzi anaipachika kila mahali. Kwenye nishati ya mwendo, ½mv², kwa 0.6c, anapata 0.225mc², jibu sahihi ni (γ − 1)mc², yaani 0.25mc². Kwenye F = ma ndiyo balaa: kani ikifuata mwelekeo wa mwendo kizidishi ni γ³, ikiukata kwa digrii 90 ni γ. Tungamo gani hilo linalobadilika kufuatana na upande unaosukuma? Andikeni momenta p = γmv na kani F = dp/dt, m muiache ilivyo.

Mnaotunga mitihani ya kozi hii, jibuni hapa hapa: swali la "tafuta γ" linapima nini zaidi ya kubonyeza kikokotoo?